Mahari ni ya Nani?



Mfunguo Pili uliopita tulimwoza mdogo wetu. Kwa mama tuko watoto wa kike watatu, na tunaoandika hapa ni wawili wakubwa. Wengi wenu mlitaka kujua nguo kashonewa wapi, hina na piko kapakwa na nani, na ile singo ilichanganywa na nini hata ikanukia vile. Hayo tutayajibu siku yake, inshaallah. Leo tuna jambo moja tu: mahari yake, na namna ilivyoigombanisha nyumba yetu nzima kwa wiki mbili.

Orodha tuliyoiandika sisi

Posa ilikuja kwa heshima zote. Watu wazima wanne wa upande wa kijana walifika kwetu Paje baada ya sala ya Ijumaa, wakapokewa barazani na ami yetu, kwani baba ametangulia mbele ya haki. Waliambiwa posa imepokewa, na kwamba biharusi ataulizwa anataka nini.

Sasa, kwetu Unguja mnajua swali hilo huulizwa nani. Huulizwa kila mtu ila mwenyewe. Mwari huinamisha kichwa akasema, "Muulizeni mama." Mama husema, "Muulizeni ami yake." Ami hukaa na shangazi, na hapo hutoka orodha.

Orodha ya kwanza tuliiandika sisi, wala hatukatai. Kitanda cha mninga, sita kwa sita. Kabati la milango mitatu. Makochi. Friji. Ukumbi mjini, maana uani petu tuliona padogo. Tulipopiga hesabu ilizidi milioni sita, na shangazi akasema bado hatujaweka mapazia.

Mdogo wetu alikuwa amekaa pembeni anapindia pindo za mtandio. Akasema, bila ya kunyanyua sauti, "Dada zangu, hivyo vyote vikishaingia ndani, mahari yangu iko wapi?"

Shangazi akacheka. "Si ndiyo hiyo, mwanangu. Kwani utalala chini?"

"Pa kulala ni wajibu wake kunipa, shangazi. Mahari ni haki nyingine."

Kisha akataja anachotaka: milioni moja na nusu, taslimu, ihesabiwe mbele yake na iandikwe kama ilivyo. Isitolewe humo hata shilingi ya mchele wala ya sare. Atanunua cherehani la umeme na majora ya vitambaa, aanze kazi yake ya kushona.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Shangazi alisema mtoto kaharibiwa na simu. Ami alisema atapelekaje maneno hayo kwa watu. Na sisi, ambao tulistahiki kumwelewa kuliko wote, tulimwambia asitutie aibu.

Mmoja wetu

Tunasema tulistahiki kumwelewa kwa sababu mmoja wetu, yule mkubwa, yalimkuta. Haya tunayaandika kwa ridhaa yake, na kalamu ameishika yeye mwenyewe.

Harusi yake ilisemwa Paje nzima. Mahari ilitajwa kubwa. Nusu ikaletwa, nusu ikaahidiwa. Ile iliyoletwa hakuishika hata siku moja. Ilipokewa na wazee, ikaingia kwenye mchele wa biriani, mbuzi wawili, kodi ya ukumbi na doti za kanga za sare. Iliyosalia ikanunuliwa kitanda na kabati. Na kwenye karatasi ya ndoa, pale panapoulizwa mahari, mtu mzima mmoja alisema iandikwe kuwa imelipwa yote, kwa kuwa kuandika deni ni kumdhalilisha bwana harusi. Sote tukaitikia.

Miaka minne baadaye ilikuja talaka. Alirudi nyumbani na mtoto mmoja, masanduku mawili na godoro. Kitanda na kabati vilibaki kule, kwa hoja kwamba vilinunuliwa kwa fedha za mwanamume. Alipotaka kudai nusu yake aliambiwa karatasi inasema imelipwa. Mashahidi wa ile ahadi walikuwa wawili. Mmoja amefariki, na mwengine hakumbuki. Mpaka leo anadai, na hana pa kulipeleka deni hilo ila kwa Mola wake.

Mdogo wetu alikuwa na miaka kumi na tatu dada yake aliporudi. Walilala chumba kimoja. Kwa hiyo maneno aliyoyasema siku ile hakuyatoa kwenye simu.

Chumba cha mwani

Na hicho chumba alichorudia mkubwa wetu, kilijengwa na mwani.

Kilimo cha mwani wa biashara kilianza kisiwani mwetu mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na Paje ni miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Wanaume walijaribu, wakaona malipo hayalingani na kazi, wengi wakarudi kwenye uvuvi, na baadaye wakaingia kwenye kazi za watalii. Wanawake wakabaki. Leo ukisema mkulima wa mwani Zanzibar, anayekuja akilini ni mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni.

Kazi yenyewe mnaijua mliokulia pwani ya mashariki. Bamvua likifika na maji yakapwa, unatoka na vigingi, kamba na zile taitai za kufungia mbegu. Unainama saa tatu, saa nne, maji ya chumvi magotini na jua mgongoni, unafunga mbegu moja moja. Baada ya wiki sita hivi unavuna, unabeba mzigo unaotiririka maji, unaanika, unageuza, na mvua ikitanda unakimbilia kuanua. Ukikauka hupimwa kwa kilo, na mwenye kutaja bei ni mnunuzi. Mama alikuwa akiuza kilo tatu za mwani mkavu ndipo apate kilo moja ya mchele. Huko unakokwenda, ng'ambo, hutolewa ute wa kugandishia vyakula, dawa ya meno na vipodozi, hivyo hivyo tunavyovinunua madukani kwa bei tunayoijua.

Kisha bahari nayo ikabadilika. Mwani wa kotonii, ambao bei yake ni nzuri zaidi, ulianza kufa maji yalipozidi joto, ukabaki ule wa spinosamu wa bei ya chini. Kwenye kina kirefu kotonii ungeweza kusalimika, lakini huko kunataka chombo na kunataka kujua kuogelea, na wengi wa mama zetu hawakufundishwa kuogelea.

Pamoja na udogo wake, fedha ile ilikuwa na sifa moja: ilikuwa ya mama. Baba, Allah amrehemu, alikuwa mvuvi, na miezi mingine hakuleta kitu. Hata hivyo hakuwahi kumuuliza mama, "Ya mwani iko wapi?" Alijua dini yake. Chakula na nguo vilikuwa juu yake, na cha mkewe kilikuwa cha mkewe, akitaka atoe kwa hiari yake. Na mama alitoa sana: sare za skuli, mafuta ya taa, dawa. Kilichobaki alikifunga pindoni mwa kanga mpaka kitoshe matofali kumi. Mwezi mwengine ishirini. Ilimchukua miaka saba kumaliza chumba kimoja na bati lake.

Ndicho alichofikia mkubwa wetu usiku ule, mtoto begani.

Neno lililomuudhi mama

Usiku wa nne wa ugomvi umeme ulikuwa umekatika. Tulikuwa sote juu ya mkeka, taa ya simu katikati. Shangazi akasema lile ambalo wengine walikuwa wakilizunguka: "Watu watauliza mtoto huyu ana kasoro gani hata kajiuza rahisi."

Mama si msemaji. Siku zote nne alikuwa kimya, na sisi tulidhani yuko upande wetu. Lakini neno hilo la kujiuza lilimgusa. Akasema, "Wifi, katika nyumba hii neno hilo tusilitumie. Wewe mwenyewe unajua mama yenu alitokea wapi."

Sisi tulikuwa hatujui. Tulijua tu kwamba bibi yetu mzaa baba hakuwa mtu wa Paje, kwamba aliletwa na ndoa kutoka upande wa mashamba ya karafuu. Usiku ule ndipo tulipoambiwa yaliyobaki.

Mama yake bibi alizaliwa utumwani. Alikuwa mtoto mdogo mwaka 1897, Sayyid Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kufuta utumwa Unguja na Pemba. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa limeshafungwa tangu 1873, enzi ya Sayyid Barghash, lakini kufungwa kwa soko hakukumwacha huru yule aliyekwisha kununuliwa. Hata amri ya 1897 haikumfikia kila mtu. Ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kuuomba uhuru wake, na masuria waliachwa nje yake mpaka sheria ya mwaka 1909.

Mama wa mtoto huyo aliozwa na bwana wake kwa mtumwa mwenziwe. Mahari yake ilikwenda kwa bwana. Ndivyo sheria ya zama zile ilivyokuwa, kwani mjakazi hakumiliki kitu. Yeye mwenyewe alihesabiwa mali. Binti yake alipokuja kuolewa, akiwa mtu huru, aliulizwa anataka nini. Akasema anataka rupia zake azishike mkononi, watu wakiona. Hazikuwa nyingi. Alinunua doti moja ya kisutu, na zilizosalia akazifunga kitambaani. Bibi alimhadithia mama kwamba, hata uzeeni, yule bibi alipoulizwa habari za harusi yake hakutaja pilau wala ngoma. Alitaja zile rupia, na uzito wake katika kiganja.

Dada zetu, nyote mnajua kwamba habari za namna hii hazisemwi majumbani mwetu. Tunasimulia karafuu, tunasimulia majumba ya Mji Mkongwe na milango yake ya kuchonga, tunawapeleka wageni kuyaona. Nani aliyezichuma hizo karafuu, na nani aliyebeba mawe ya majumba hayo, tunanyamaza, kwa sababu mpaka leo wapo wanaomtukana mtu kwa nasaba yake. Shangazi aliinamisha kichwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mama alinikataza kuyasema."

"Na mimi alinikataza," mama akajibu. "Lakini tukinyamaza leo, tutakuja kumnyang'anya mtoto wetu kile kile ambacho bibi yake mkubwa alikipata."

Hakuna aliyezungumza tena usiku ule. Asubuhi mkubwa wetu aliichukua ile orodha akaichana.

Dini inasemaje

Sisi si masheikh, na haya mnayajua. Lakini kuyajua na kuyafuata ni mambo mawili. Suratun-Nisaa imeamrisha wanawake wapewe mahari zao, na ruhusa ya mwengine kula sehemu yake imefungwa kwenye ridhaa ya mwanamke mwenyewe. Si ya baba, si ya ami, si ya jiko la harusi. Mtume (S.A.W.) alimwambia sahaba asiye na kitu atafute japo pete ya chuma, na alipokosa hata hiyo akamwoza kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Sayyidna Ali alitoa deraya yake kwa mahari ya Bibi Fatma. Na Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara mwenye mali yake kabla ya ndoa.

Tukijiuliza kwa haki, tumechukua haki hii ambayo Mola amempa mwanamke mkononi, tukaigeuza kuwa sherehe ya watu wengine. Kisha tunashangaa vijana wanapochelewa kuoa kwa kuogopa gharama, na mabinti wanapoingia katika ndoa na madeni ya ukumbi.

Kilemba cha baba na mkaja wa mama ni mila zetu, na hatusemi ziondoke. Zina heshima yake. Tunachosema ni kwamba zitajwe mbali na mahari, ili kila mtu ajue kipi ni zawadi na kipi ni haki.

Jioni ya hina

Ami alipopeleka jibu, upande wa pili walishtuka. Waliona kidogo, wakauliza kwa adabu kama kuna jambo limefichwa. Ami akawaambia, "Mtoto wetu hana kasoro. Anataka hesabu iliyo wazi." Baadaye tulisikia kwamba bwana harusi mwenyewe alishukuru sana. Alikuwa ameshaanza kutafuta mtu wa kumkopesha.

Fedha zililetwa jioni ya hina. Mdogo wetu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono yote miwili mibichi, hawezi kushika kitu. Mama akamtandazia kanga magotini, na ami akahesabu noti juu ya kanga ile, mashahidi wawili wakiwa mlangoni. Alipomaliza akamuuliza, "Umeridhika?" Akaitikia. Mama akaikunja kanga na noti zake, akaiweka chini ya mto wa biharusi. Hakuna mtu mwengine aliyeigusa.

Kesho yake, kabla ya wanaume kwenda msikitini, karatasi ya ndoa ililetwa ndani atie saini. Mkubwa wetu aliiomba kwanza. Akaisoma kwa sauti, jina kwa jina, mpaka penye mahari: kiasi kimeandikwa, na imeandikwa kuwa imepokewa na biharusi mwenyewe. Sauti yake ilitetemeka kidogo. Ndipo akampa mdogo wake kalamu.

Karamu ilifanywa uani petu, kwa pilau na maulidi. Kila aliyetaka sare alijinunulia. Wapo waliosema, na wataendelea kusema. Shangazi alikuja na chano cha vikuba na asumini, akampamba mtoto kwa mikono yake, na mpaka leo anashikilia kwamba harusi ilikosa ukumbi. Lakini mwezi uliopita alileta kitambaa kwa mdogo wetu kushonewa, na alipoambiwa "Acha tu, shangazi," alikataa. Alilipa bei kamili.

Mdogo wetu hajatajirika. Bei ya vitambaa inapanda, umeme ukikatika kazi inalala, na wapo wateja wanaochukua nguo kwa ahadi. Lakini cherehani ni lake, na mumewe analijua hilo.

Kwa biharusi anayesoma

Mwaya, kama posa yako iko njiani, sema na walii wako mapema, kwa adabu, kabla orodha haijaandikwa na wengine. Taja unachokitaka kwa kinywa chako, kiwe kingi au kichache, na kisimuumize mwenzio. Ikiwa sehemu itacheleweshwa, iandikwe kuwa ni deni. Kuandika deni si kumdhalilisha mtu. Kinachonunuliwa kwa mahari yako kijulikane kuwa chako. Na usitie saini karatasi usiyoisoma. Kama huioni vizuri kwa wanja na machozi, mpe dada yako akusomee.

Nanyi mama zetu na mashangazi zetu, msituelewe vibaya. Tunazipenda harusi zetu, tunaupenda udi na vigelegele. Tunaomba tu kwamba, kabla ya kuuliza ukumbi gani, tumuulize mtoto anataka nini, kisha tusubiri jibu lake.

Ewe Mola wetu, watie baraka mabiharusi wetu wote na waume zao, wakunjulie riziki za halali, uwarehemu mabibi zetu waliotangulia, wale tunaowajua majina na wale ambao majina yao yalifichwa. Na dada yetu mwenye haki yake iliyopotea, Wewe unaijua ilipo. Amin, amin, ya Rabbal-alamin.